Kutafuta maneno ya Kiswahili kwa alama * na ? katika Lucene

Anayeandika programu ya kutafuta mafaili ndani ya kompyuta, tuseme ya ofisi inayotunza taarifa za uvuvi wa Kibirizi na Ujiji mjini Kigoma, hukutana mapema na tatizo ambalo miongozo mingi hailigusi: maneno yetu hubadilika sana mwanzoni. Taarifa moja imeandikwa "mgebuka", samaki wa Ziwa Tanganyika, nyingine "migebuka", na atafutaye la kwanza hulikosa la pili.

Lucene, maktaba ya programu (msimbo uliokwisha kuandikwa) ya kutafuta maneno, iliyoanzishwa na Doug Cutting mwaka 1999, ina alama mbili za kuziba pengo hilo. Nyota husimama badala ya herufi zozote, hata pasipo na herufi, ilhali alama ya kuuliza husimama badala ya herufi moja tu. Katika lugha ya Java, unda WildcardQuery, yaani ombi la kutafuta kwa alama hizo, uipe Term yenye jina la sehemu (field) inayotafutwa pamoja na umbo la neno, kwa mfano m*gebuka. Umbo hilo hupata umoja na wingi kwa pamoja, kama m*tumbwi ipatavyo mtumbwi na mitumbwi.

Nyota ikae katikati kila inapowezekana. Maneno ndani ya faharasa, yaani orodha ambamo Lucene hutafuta, yamepangwa kwa utaratibu wa herufi, hivyo herufi ya kwanza ikijulikana programu hurukia penye m. Ukianza na nyota, hulazimika kupitia maneno yote ya sehemu hiyo. Ndiyo maana QueryParser ya kawaida, inayosoma maneno aliyoandika mtafutaji na kuyageuza kuwa ombi, hukataa nyota ya mwanzoni mpaka uiruhusu kwa setAllowLeadingWildcard.

Vitenzi, hata hivyo, havituachii nafasi. Ukiandika *vua utapata alivua na walivua, lakini utaletewa pia mvua, na taarifa za masika zimejaa mvua kuliko samaki. Andika *livua. Mafaili yakiwa mengi, tengeneza sehemu ya pili ambamo ReverseStringFilter hugeuza kila neno kinyumenyume: walivua huwa auvilaw, nawe hutafuta auvil*, nyota ikiwa mwishoni. Faharasa itanenepa, ila kutafuta kutakuwa kwepesi.

Kosa lililonipotezea jioni nzima lilikuwa dogo zaidi. StandardAnalyzer, kichanganuzi kinachokata maandishi kuwa maneno, hugeuza herufi kubwa kuwa ndogo wakati wa kuingiza maneno, lakini WildcardQuery uliyoiunda mwenyewe haipitii humo, kwa hiyo M*gebuka hairudishi chochote. Pitisha umbo kwenye toLowerCase kwanza.