Ipe ndoto nafasi ifanye kazi yake

Mimi ni mtu wa kumeza maneno. Mchana nikifokewa mbele ya wenzangu, natabasamu tu. Ugomvi wangu wote hufanyika usiku: naota nabamiza milango, navunja sahani, nampigia kelele mtu ambaye sura yake siioni. Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, aliamini kuwa ndoto hufidia kile tunachokikandamiza tukiwa macho. Kwa hali yangu, siwezi kumbishia.

Ukitaka ndoto zikusaidie, linda kwanza usingizi wa alfajiri. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza hatua ya usingizi ambayo macho huchezacheza chini ya kope, na ndoto nyingi zilizo wazi huja hapo. Hatua hiyo hurudi kila baada ya dakika 90 hivi na hurefuka kadiri kunavyokucha. Ukijikatia saa mbili za mwisho umejinyima sehemu kubwa. Pombe nayo huibana. Katika hatua hiyo ya usingizi noradrenalini, kemikali ya kutuweka katika tahadhari, hushuka sana ubongoni huku sehemu za hisia zikichacharika. Baadhi ya watafiti wanaona ndiyo maana jambo chungu linaweza kupitiwa upya bila ukali wake wote.

Ukiamka, usikurupuke. Tulia ulivyolala na ujiulize: nilihisi nini? Andika hisia kwanza, kisa baadaye, kwa sababu kisa hata ukikisahau si hasara. Orodha za kutafsiri ndoto ziache. Nyoka wako si nyoka wangu. Kisha ikumbuke jana: hisia ile uliionea wapi, ukaipita?

Usikimbie ndoto zinazouma. Mtafiti wa usingizi Rosalind Cartwright alifuatilia watu wenye sonona waliokuwa wakitalikiana, akaona kwamba walioota kuhusu wenzi wao, tena kwa hisia nzito, walielekea kupona zaidi.

Jinamizi linalojirudia lina dawa yake. Mchana, andika upya ndoto hiyo ukiibadilisha upendavyo, kisha ipitie akilini dakika 10 au 20 kila siku. Mimi yule mtu asiye na sura nilimkalisha kitini, nikamweleza yote bila kupaza sauti. Ila kama jinamizi limetokana na ajali au ukatili, mwone mtaalamu wa afya ya akili. Na ikiwa dawa za sonona zimepunguza ndoto zako, usiziache kabla ya kuzungumza na daktari.