Jina la chumba lisihame kutoka katikati ya chumba

Juzi, nikisahihisha ramani ya nyumba ya Nyegezi, niliona kwamba majina ya vyumba yaliyoandikwa katika AutoCAD, programu ya kuchorea ramani kwa kompyuta, kwa mpangilio wa kushoto, ambao programu huanza nao, huacha katikati ya chumba kila yanapobadilishwa. Ukiwa kwenye amri ya TEXT, kabla ya kuandika jina, chagua J (Justify, yaani mpangilio) kisha MC (Middle Center, yaani katikati kabisa), halafu bofya kitovu cha chumba. "Stoo" likigeuzwa kuwa "Chumba cha wageni", litapanuka sawasawa pande zote mbili, kwa kuwa nukta inayolishikilia iko katikati. Usiichanganye MC na M (Middle) peke yake, ambayo huhesabu pia mikia ya herufi kama g na y, hivyo "Sebule" na "Ngazi" huweza kupishana kidogo kwa kimo. Majina yaliyokwisha kuandikwa hurekebishwa kwa amri ya JUSTIFYTEXT, lakini amri hiyo hubadilisha nukta tu bila kuyahamisha maandishi, kwa hiyo utayasogeza mwenyewe. Njia hii haifai kwa safu ya tarakimu kwenye jedwali, ambazo husomeka vizuri zikipangwa kulia, wala haizuii jina refu kuvuka kuta za choo chembamba. Hapo wengi hukimbilia Fit, mpangilio unaolazimisha maandishi yaenee kati ya nukta mbili, ambao huzibana herufi hadi, machoni pangu, zifanane na dagaa waliokaushwa.