Namna ya kufuatilia figo za mwanamke katika ukoo wenye ugonjwa wa Alport

Kwa miaka mingi mwanamke wa ukoo wenye ugonjwa wa Alport, yaani ugonjwa wa kurithi unaoharibu figo na mara nyingi usikivu, aliambiwa kuwa yeye ni mbebaji tu, na kwamba wanaougua ni kaka na wajomba zake. Kauli hiyo imewaumiza wengi. Katika aina inayorithiwa kupitia kromosomu X, takriban wanawake 12 kati ya 100 figo zao hushindwa kazi kabla ya umri wa miaka 40, na takriban 30 kabla ya miaka 60.

Anza na ukoo kabla ya maabara. Kaa na bibi au shangazi, umuulize ni nani aliyesafishwa damu kwa mashine, ni nani aliyepungukiwa usikivu angali kijana, na ni nani aliyewahi kuambiwa kuwa mkojo wake una damu. Jeni ya COL4A5, inayotoa maelekezo ya kutengeneza kolajeni, protini inayoshikilia vichujio vya figo, imo kwenye kromosomu X. Ndiyo maana baba mgonjwa huwarithisha binti zake wote wala hamrithishi mwana wa kiume, ilhali mama mwenye hitilafu katika jeni hiyo huweza kumrithisha kila mtoto, wa kike au wa kiume, kwa uwezekano wa nusu kwa nusu.

Kisha pima mkojo, hata kama hujisikii vibaya, kwa kuwa damu hiyo kwa kawaida haionekani kwa macho. Subiri hedhi iishe, kinga mkojo wa katikati, uchovye kijiti cha kupimia, na usome kwa muda ulioandikwa kwenye kichupa: kipande cha damu, ambacho ni cha manjano, hugeuka kijani. Kwa wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria, kichocho na maambukizi ya njia ya mkojo navyo vichunguzwe. Lakini ukitibiwa na damu ikaendelea kuonekana, mweleze daktari habari za ukoo wako bila kusubiri kuulizwa. Omba pia kipimo cha albumini (protini ya damu) kwenye mkojo, kreatinini ya damu (taka ambayo figo huiondoa) na shinikizo la damu, na uvirudie kila mwaka.

Usishangae ndugu wawili wa kike wenye hitilafu ileile wakitofautiana, mmoja akawa mzima mpaka uzeeni na mwenzake akahitaji kusafishwa damu. Mwanamke ana kromosomu X mbili, na tangu akiwa kiinitete kila seli huizima mojawapo, hivyo figo yake huwa mchanganyiko wa seli zenye kolajeni nzima na zenye kasoro. Kwa wanaume, aina ya hitilafu husaidia kukisia umri ambao figo zitashindwa. Kwa wanawake haitabiri vizuri hivyo, na kwa maoni yangu asiachwe yeyote kufuatiliwa eti kwa sababu hitilafu yake ni nyepesi.

Albumini ikianza kuonekana kwenye mkojo, zungumza na daktari bingwa wa figo kuhusu dawa za kundi la ramiprili au enalaprili, ambazo hupunguza kasi ya uharibifu hata kabla shinikizo halijapanda. Mweleze mapema ikiwa unatarajia kupata mimba, maana dawa hizo humdhuru mtoto tumboni. Na ukoo ukikuomba umchangie kaka au mwanao figo, usikubali kabla hujapimwa kikamilifu, kwa kuwa huenda figo unayotaka kuitoa, na hiyo moja itakayobaki, nazo zina hitilafu ileile.