Umaskini umezama kiasi gani? Vile unaweza kuupima mwenyewe mwaka kwa mwaka

Kila KNBS, shirika la takwimu la Kenya, ikitoa ripoti ya umaskini, redio zinabeba namba moja tu, asilimia ya watu walio chini ya mstari wa umaskini, yaani kile kiwango cha pesa ambacho ukitumia chini yake unahesabiwa maskini. 2021 ilikuwa 38.6, 2022 ikapanda hadi 39.8, watu wakabishana kwa matatu siku mbili tatu na ikaishia hapo. Sasa hiyo namba inasema wangapi wako chini, haisemi wako chini kiasi gani. Mama wa Mathare aliyebakisha mia mbili afikie mstari, na mwingine wa Turkana ambaye hata nusu yake hajafika, wote wanahesabiwa mtu mmoja mmoja tu. Na hapo ndio kuna hatari, juu serikali yoyote ikitaka asilimia ishuke haraka, njia rahisi ni kuinua wale wamebakisha kidogo na kuwaacha wale wa chini kabisa vile walivyo.

Hesabu ya kina ipo toka 1984, ya James Foster, Joel Greer na Erik Thorbecke, na kitu wengi hapa mjini hawajui ni kwamba mfano waliotumia kuionyesha ulikuwa data ya Nairobi yenyewe, walipanga watu kulingana na miaka ambayo wamekaa mjini. Kama unajua kutoa, kugawa na kuzidisha, unaiweza.

Anza na mstari. Kwa utafiti wa KNBS wa 2015/16 mstari ulikuwa shilingi 3,252 kwa mwezi mashambani na 5,995 mjini, kwa kila mtu mzima. Umejengwa kwa chakula cha kumpa mtu mzima kilokalori 2,250 kwa siku, halafu wakaongeza mahitaji mengine kama nyumba, nguo na usafiri.

Halafu tafuta matumizi ya kila nyumba, usichukue mshahara, maana mtu wa mjengo au mama mboga hana mshahara wa kusema ni huu, leo amepata kesho amekosa, lakini unga, maji ya mtungi, stima, rent na fare vinaweza kuhesabiwa. Hata mahindi yaliyotoka kwa shamba lao wenyewe unayapa bei na kuyaweka ndani. Ukishapata jumla usigawe kwa idadi ya vichwa, kwa sababu mtoto wa miaka 3 hawezi kula chakula kingi kama baba yake. Kenya mtoto wa chini ya miaka 5 huhesabiwa 0.24, wa 5 hadi 14 ni 0.65, kuanzia 15 ni 1. Kwa hivyo baba, mama, mtoto wa miaka 9 na mwingine wa 3 wanakuwa 2.89. Wakitumia 16,000 kwa mwezi kila mmoja anapata kama 5,536, yaani wako chini ya mstari wa mjini lakini kidogo tu. Ungegawa kwa 4 ungepata 4,000 na ungesema wamezama sana.

Sasa pengo. Kwa kila mtu chukua mstari, toa matumizi yake, gawa kwa mstari. Aliye juu ya mstari mwandikie sifuri, usimwandikie hasi, maana utajiri wa matajiri wa Karen haujazi sufuria ya maskini wa Mukuru. Jumlisha zote ugawe kwa watu WOTE, hata wale wa sifuri. Hilo ndilo pengo la umaskini. Ukitaka ukali wake, zidisha kila pengo kwa lenyewe kabla ya kujumlisha, hapo mtu aliyezama sana anapata uzito zaidi.

Tufanye mfano wa kubuni, watu wazima watano, mstari 6,000. Wanatumia 12,000, 7,500, 5,400, 4,500 na 3,000. Maskini ni watatu, 60%. Mapengo ni 0.10, 0.25 na 0.50, jumla 0.85, gawa kwa 5 unapata 17%. Ukali ni 0.01 na 0.0625 na 0.25, gawa kwa 5, ni kama 6.5%.

Miaka imepita, bei tushazisawazisha, yaani kupanda kwa bei tumekutoa ili mstari ubaki 6,000. Wa 5,400 amefika 6,100, wa 4,500 yuko palepale, wa 3,000 ameshuka hadi 2,400. Maskini sasa ni wawili, 40%, na hiyo ndio itasomwa kwa habari. Lakini mapengo ni 0.25 na 0.60, jumla bado 0.85, pengo bado 17%. Pesa ya kuwafikisha wote kwa mstari ni ileile pia, 5,100 kwa mwezi. Na ukali umepanda mpaka 8.5%. Yaani namba ya kwanza inasherehekea, ya pili imekwama, ya tatu inalia. Ndio maana nasema ziandikwe zote tatu pamoja kila mwaka.

Kuna mtego mmoja hapo. Wengine wanagawa pengo kwa maskini peke yao, na kwa mfano wetu wangesema limeruka kutoka 28.3% hadi 42.5%. Sehemu ya huko kuruka imetokea tu kwa sababu aliyekuwa karibu na mstari ametoka kwa hesabu. Hata yule wa mwisho angebaki na 3,000 yake, bila mtu yeyote kuumia, wastani wa waliobaki bado ungepanda. Kwa hivyo ukisoma ripoti angalia kwanza wamegawa kwa nani.

Kulinganisha miaka ndio kazi ngumu. Mstari wa mjini 2005/06 ulikuwa 2,913, miaka kumi baadaye 5,995, zaidi ya mara mbili. Mtu akiacha mstari wa zamani bila kuupandisha na bei ataona umaskini umeisha Kenya. Tumia bei za vitu maskini wananunua, juu unga ukipanda nyumba ya Korogocho inaumia kuliko nyumba ya Kilimani. Usilinganishe pia utafiti wa mwezi wa njaa na wa wakati wa mavuno, wala maswali yaliyobadilishwa, ukiuliza watu kuhusu vyakula vingi zaidi watataja vingi zaidi. Na usichanganye mistari ya Benki ya Dunia, ule wa dola 2.15 kwa siku uliingia 2022 na ukabadilishwa kuwa 3.00 mwaka wa 2025, namba ikiruka hapo katikati si watu wamefilisika usiku mmoja.

Weka na idadi kamili ya watu. Kutoka 2005/06 hadi 2015/16 asilimia ilishuka kutoka karibu 47 hadi 36.1, lakini watu walikuwa milioni 16.6 wakawa milioni 16.4, karibu walewale, kwa sababu tumeongezeka.

Data ya nyumba moja moja KNBS huiweka kwa mtandao wao, unajisajili na kuomba. Ukiipata usisahau safu ya uzani, kila nyumba iliyohojiwa inasimama kwa nyumba nyingi, zidisha huo uzani na idadi ya watu wa nyumba kabla ya kujumlisha chochote. Usijaribu kutoa namba ya wadi yako kutoka hapo, nyumba zilizohojiwa ni chache mno. Na tafiti hizi zinahoji nyumba, kwa hivyo familia zinazolala nje hapo River Road na Muthurwa hazimo kabisa, na hao ndio pengo lao ni kubwa kuliko wote. Andika hivyo wazi chini ya jedwali lako.