Kuchora kivuli ukutani: seti ya mtindo wa Caligari

Ukimwambia mpiga picha unataka mtindo wa filamu bubu za Kijerumani, atazima taa zote abakishe moja. Kwa Das Cabinet des Dr. Caligari ya Robert Wiene, iliyotoka mwaka 1920, amepotea njia. Vivuli vingi mle vilipakwa kwa brashi na Hermann Warm, Walter Reimann na Walter Röhrig. Mimi hutengeneza seti za maigizo, na hivi ndivyo ninavyoifanya kazi hiyo.

Hatua ya 1: Chumba kimepindwa na nani?
Kuta zisipinde bure. Mji wa Caligari tunausikia kwa Francis, msimulizi wa filamu, na mwishoni tunamkuta Francis huyo hospitali ya wagonjwa wa akili. Karani wa mji naye amekalia kiti kirefu mno, ili anayemsubiri ajione mdogo. Andika sentensi moja: chumba hiki kinamfanyia nini mhusika?

Hatua ya 2: Fremu
Mbao nyembamba, amerikani iliyovutwa na kupigiliwa, kisha gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji ili kitambaa kikaze. Mlango uwe mpana juu na mwembamba chini.

Hatua ya 3: Kamera kabla ya rangi
Hapa ndipo wengi wanaporuka. Kina cha kuchora hudanganya jicho likiwa mahali pamoja tu. Sogea kidogo na uongo unaonekana. Simamisha simu kwenye stendi, piga alama sakafuni, kisha mwenzako achore kwa mkaa huku ukimwelekeza kwa kutazama kioo cha simu. Mistari ielekee atakapokaa mwigizaji, tena ishuke ukutani iendelee sakafuni. Itazame selo ya gereza katika filamu hiyo: michoro ya kutani inamshukia mfungwa kama mikuki.

Hatua ya 4: Rangi
Nyeusi, nyeupe na kijivu zinatosha. Ukiongeza nyingine, zikague kwanza simu ikiwa imewekwa nyeusi na nyeupe. Mikanda ya filamu iliyotumika sana wakati ule haikuhisi wekundu, ukatoka karibu mweusi. Kwenye simu yako, nyekundu na kijani zinaweza kuwa kijivu kilekile. Kingo za kivuli ziwe kali, na kisitii taa yoyote iliyopo chumbani.

Hatua ya 5: Taa
Pitisha mwanga kwenye shuka jeupe usambae sawasawa. Kivuli cha kweli kikiingia, kitakiumbua cha rangi.

Kuna pahala pa kuvunja sheria hii: mauaji ya Alan, rafiki wa Francis, tunayaona kwa vivuli ukutani. Kwa tukio la namna hiyo, weka chini balbu moja ndogo isiyofunikwa; mwigizaji akiisogelea, kivuli kinakua. Ndiyo njia ya mwongozaji F. W. Murnau katika filamu ya Nosferatu ya 1922, kivuli cha Orlok, mnyonya damu, kinapopanda ngazi. Lakini Murnau alipiga picha nyingi nje, hata katika mitaa ya Wismar na Lübeck. Usichanganye njia hizi mbili katika tukio moja.

Hatua ya 6: Mwigizaji
Seti nzuri huuawa na mtu anayetembea kama yuko sokoni. Conrad Veidt, aliyeigiza Cesare, mtembea usingizini wa Caligari, anaambaa na ukuta mkono ukiwa juu, mwili wenyewe ukiwa mstari mmojawapo wa mchoro. Mpake mwigizaji wako poda nyeupe na wanja mzito, kisha mfundishe kusimama ghafla na kugeuka kwa pembe. Asiyeweza mpe nafasi ya kupita nyuma, mbali na kamera. Hata mle Caligari, wapo waliobaki wakionekana kama wageni.