Kabla Hujashika Zamu ya Kwanza Kwenye Mashine ya Mabomba

Mashine ya mabomba ya plastiki ikishatulia, karibu inajiendesha yenyewe. Bomba linatoka, msumeno unakata, rundo linakua. Mwendeshaji anahitajika hasa saa ya kuwasha, saa ya kuzima na pale kitu kinapoharibika katikati. Kwa hiyo jiandae kwa nyakati hizo.

Kwanza jua unayeyusha nini. Bomba la PVC na la HDPE, plastiki za aina mbili, huuzwa pamoja, lakini ndani ya silinda, yaani mwili wa mashine ambamo skrubu huzunguka ikiyeyusha na kusukuma plastiki, tabia zao ziko mbalimbali. HDPE ni mvumilivu; ikikawia kidogo kwenye nyuzi 200 za Selsiasi haina vituko. PVC hufanyiwa kazi kati ya nyuzi 160 na 200 hivi, na ikizidishiwa joto au ikikaa mno ndani huanza kuungua na kutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, inayochoma macho na koo na kula chuma cha skrubu. Dalili ni bomba kugeuka njano kisha kahawia, na harufu kali puani. Ndiyo maana mashine ya PVC haizimwi ikiwa imejaa. Malighafi husukumwa itoke kwanza. Muulize fomeni mapema: umeme ukikatika ghafla, nani anafanya nini? Usingoje giza ndipo uulize.

Kuwasha kunataka subira. Kipimo kikishaonyesha joto linalotakiwa, moyo wa skrubu bado unaweza kuwa baridi, na skrubu ikilazimishwa kuzunguka kwenye plastiki iliyoganda inaweza kukatika. Mashine kubwa huachwa ipate moto kwa saa kadhaa. Skrubu inapoanza kuzunguka, usisimame mbele ya dai, kile kinywa cha chuma kinachoipa plastiki umbo la bomba inapotoka. Plastiki iliyobanwa humo yaweza kuruka kama risasi, na ikishika ngozi haibanduki. Ikikupata, weka sehemu hiyo kwenye maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, usiing'oe, nenda hospitali.

Nguo ziwe za pamba, mikono mirefu. Nailoni huyeyukia mwilini. Vaa viatu vya usalama na miwani. Glovu za joto ni za kwenye dai tu. Karibu na kitu kinachozunguka zivue, kwa sababu glovu ikinaswa huvuta na mkono. Pete na saa ziache kabatini. Masikio nayo yalinde: ukilazimika kupiga kelele ili mtu aliye hatua moja tu akusikie, mahali hapo panahitaji vizibo, na kwenye krasha, mashine ya kusaga mabomba mabovu, ni hivyo kila siku. Krasha ikikwama, kuzima swichi hakutoshi, maana visu huendelea kuzunguka kwa muda. Kata umeme, funga swichi kuu kwa kufuli lako, ufunguo uwe mfukoni mwako na si kwa mwenzako, kisha subiri visu visimame kabisa.

Jifunze kusoma venia, kifaa cha mkono cha kupimia unene, kabla ya siku ya kwanza, nyumbani, mpaka isikusumbue. Unene wa bomba hupimwa kuzunguka mduara wote, kwani sehemu moja tu itakudanganya. Upande mmoja ukiwa mnene na wa pili mwembamba, dai haijakaa katikati na boliti zake zinahitaji kurekebishwa. Likiwa jembamba kote, huenda mashine ya kuvuta inakimbia kupita kiasi au malighafi inaingia kidogo. Likitoka lenye umbo la yai, angalia tangi la vakyumu, linalonyonya bomba lishike umbo la duara, na maji ya kupoozea. Wageni wengi hukimbilia kugusa joto kwanza, na hilo ndilo kosa linalojaza krasha mabomba mabovu. Joto huchukua dakika nyingi kuonyesha matokeo; mtu hupandisha, haoni kitu, anapandisha tena, kisha yote mawili yanamfikia kwa pamoja. Badilisha kitu kimoja, andika saa, subiri, pima.

Mengine ni mepesi: kula kabla ya zamu, beba maji ya kunywa, lala vya kutosha ukipangiwa usiku.

Fika robo saa mapema. Daftari la zamu lisome, lakini usiliamini peke yake; wengi huandika "sawa" kwa mazoea. Mshike unayempokea kabla hajavua ovaroli umuulize ni hita gani imekuwa ikisumbua, alibadilisha nini mara ya mwisho, na saa ngapi.