Unaenda thieta (chumba cha upasuaji) na hutaki kuachwa wazi? Fanya hivi

Mambo ya stara yamalize kabla hujasaini ile fomu ya ridhaa, maana ukishalazwa usingizi huna la kusema tena. Mwulize sista wa wodi nani atakuwemo ndani, wanafunzi wapo au hawapo (kwenye hospitali za kufundishia wanakuwepo sana na una haki ya kukataa), mpira wa mkojo nawekewa nikiwa macho au nimelala na anaweka nani. Ukitaka anayekuwekea awe mwanamke omba siku moja kabla ya opereshini wapange zamu, kwenye dharura usitegemee sana. Wa hijabu ombeni kofia ya thieta. Opereshini ya goti mara nyingine chupi haivuliwi kabisa, we uliza tu, na mwombe sista akufunike shuka mpaka waanze kupaka dawa ya kusafisha ngozi, huko si kudeka bana.